Msafiri na Hongo ya Njia

Msafiri hutafuta mambo mawili: kuona asichokizoea, na kupumzika kama alivyozoea. Mambo haya hayapatani daima, maana ugeni huchosha, na starehe hupendeza kwa sababu inafanana na nyumbani. Mtu mwenye uwezo kidogo huyapatanisha kwa kuyagawia saa zake. Mchana huyapa macho haki yao katika vilima na mabonde. Usiku huupa mwili haki yake katika kitanda laini na maji ya moto. Asubuhi hulipa hesabu yake, huaga na kuondoka. Yeye ameridhika, na mwenye nyumba ya wageni ameridhika. Hapana anayemdai. Swali la insha hii ni kama ni kweli kwamba hapana anayemdai.

Wahenga walisema kuwa msafiri kafiri. Hawakukusudia kumtoa katika dini. Walikusudia kwamba mtu aliye njiani hulazimika kufanya mambo ambayo angelaumiwa kwayo kama angekuwa kwake. Sheria ya Kiislamu nayo imemhurumia. Msafiri amepewa ruhusa ya kupunguza sala na kula mchana wa Ramadhani, ili alipe siku zake atakapotulia. Tazama, basi, jinsi mzigo wake ulivyofanywa mwepesi. Lakini tuangalie vizuri ni mzigo gani uliopunguzwa. Ni ule ulio baina yake na Muumba wake, ambaye hana haja ya kitu. Sijaona mahali popote ambapo msafiri amepunguziwa haki ya kiumbe mwenzake. Mungu aliyemruhusu kufungua saumu njiani hakumruhusu kunywa maji ya kisima cha watu na kwenda zake bila ya neno. Kwa hiyo methali yetu, ikitumiwa kumfutia msafiri madeni yote, hutumiwa isivyo.

Niliyatafakari haya kwa sababu ya safari niliyoifanya mwezi wa Oktoba, kutoka Dodoma kwenda Babati kwa njia ya Kondoa na Kolo. Nitaieleza kwa ufupi, kwa kuwa hoja isiyo na mahali pa kusimama ni kama hema bila ya mambo.

Dodoma ni mji wa uwanda wa juu, kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, katika nchi yenye msimu mmoja tu wa mvua, ambao huanza Desemba na kwisha Aprili. Mvua ya mwaka mzima, kwa wastani, haifiki milimita 600. Wagogo husimulia kuwa jina la mji limetokana na tembo aliyekwenda kunywa maji akadidimia katika tope, wakasema idodomya, yaani amezama. Hata hadithi ya jina la mji, basi, ni hadithi ya kiumbe mwenye kiu. Mwaka 1973 mji huu ulichaguliwa kuwa makao makuu ya nchi, na mwaka 2018 ukatangazwa kuwa jiji. Tangu mwaka 2024 garimoshi la umeme humleta mtu kutoka Dar es Salaam kwa saa chache. Burton na Speke walitoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakapita Ugogo kwa miguu, na wakafika Kaze katika Unyanyembe mwezi wa Novemba.

Hoteli niliyolala ilikuwa njema. Sitaitaja, kwa kuwa sina la kuilaumu wala sikuagizwa kuisifu. Zabibu za mezani zilikuwa za Dodoma yenyewe, ambako mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Maji ya kuoga yalikuwa mengi na ya moto. Nilikaa chini yake muda mrefu kuliko ulivyohitajiwa na vumbi la mwili wangu, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuniambia basi. Sikujiuliza yalikotoka. Kesho yake asubuhi, tuliposhika njia ya kaskazini, tulipita Makutupora, na rafiki yangu aliyekuwa akiendesha gari akanionyesha kwa kidole upande vilipo visima virefu ambavyo kwa miaka mingi vimelinywesha jiji la Dodoma. Hivyo nilitambua kuwa nilikuwa ninapita juu ya nchi niliyokwisha kuoga kwayo.

Barabara ile ni nzuri kupita kiasi cha sifa. Mtu aliyeijua zamani, ilipokuwa vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika, hupita leo kama aliye ndotoni. Ni sehemu ya ile njia kuu ya kaskazini iliyokusudiwa kuunganisha Cape na Cairo. Kutoka Dodoma mpaka Babati, kilometa 250 hivi, iliwekwa lami kwa mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na ya Shirika la Japani la Ushirikiano wa Kimataifa, na kazi yake ikazinduliwa mwaka 2018. Nataja mikopo kwa sababu mkopo hulipwa. Hulipwa na hazina ya nchi, na hazina hujazwa na kila anunuaye sabuni, mafuta ya taa na kiberiti, awe na gari au asiwe nalo. Kwa hiyo mimi niliyekuwa nikiteleza juu ya lami nilikuwa ninachukuliwa, kwa sehemu ndogo, na watu waliokuwa wakitembea pembeni yake.

Mbele ya Mayamaya tuliona mto wa mchanga. Msomaji ambaye hajapata kuiona nchi ile ajue kuwa mito yake mingi hutiririka siku chache za mvua, kisha hubaki njia nyeupe ya mchanga baina ya miti. Maji hayakwisha, yamejificha chini. Mwenye kuyataka huchimba shimo, hungoja yajikusanye, huyachota kwa kibuyu au kikombe, na ndoo hujaa kwa subira. Mama mmoja, wa umri wa mama yangu, alikuwa ameinama katika shimo la namna hiyo. Nyuma yake ulisimama mbuyu mkubwa, na nyuma ya mbuyu vilima vya mawe vilivyokuwa vimeanza kupata rangi ya jua la asubuhi. Nilimwomba rafiki yangu asimame. Nilishuka, nikapiga picha tatu, na nilikuwa ninarudi garini mama aliposimama akaniita kwa Kiswahili kizuri.

“Mwanangu,” alisema, “hujanisalimu.”

Niliona haya. Nilimpa shikamoo, naye aliipokea, lakini tulijua sote wawili kuwa ilikuwa salamu iliyokumbushwa, na salamu iliyokumbushwa ni kama deni lililolipwa barazani kwa kadhi. Nilitoa fedha nikampa. Hakuzikataa, alizifunga katika pindo la khanga yake. Kisha akasema bila ya hasira, kama mtu anayetenga vitu viwili vilivyochanganywa kwa makosa, “Hizi nimezipokea. Ile nyingine bado.” Akainama tena katika shimo lake.

Rafiki yangu, ambaye ni Mgogo, hakusema kitu kwa kilometa nyingi. Hatimaye alisema kuwa kwao mtu hawezi kupita penye watu bila ya kusema mbukwenyi, hata kama ana haraka ya msiba. Sikumjibu. Nilikuwa ninatafuta katika nafsi yangu jina la ile nyingine ambayo bado.

Jina nililolipata lilikuwa katika historia ya nchi ile ile, nalo ni jina lililochafuka. Ni hongo. Leo tukisikia neno hili tunafikiri juu ya rushwa: bahasha, ofisa, mlango wa nyuma. Karne moja na nusu iliyopita hongo ilikuwa kitu kingine. Misafara iliyotoka Bagamoyo na Saadani kwenda Unyanyembe na Ujiji haikuweza kuikwepa Ugogo. Upande wa mashariki ilikuwapo Marenga Mkali, nyika isiyo na maji. Upande wa magharibi ilikuwapo Mgunda Mkali. Katikati palikuwa na watemi wa Kigogo wenye visima, mtama na ng'ombe. Kila mtemi alitaka hongo: doti za merikani na kaniki, shanga, nyuzi za shaba. Asiyetoa hakupata maji. Burton aliiona, na Stanley aliyepita mwaka 1871 aliiona, na wote wawili walilalamika kuwa ni unyang'anyi. Waungwana wa pwani nao walilalamika, maana hongo ilipunguza faida yao katika pembe.

Hapana shaka walikuwapo watemi walioongeza hongo kupita haki. Mtu mwenye kisima katika nchi ya kiu ana kishawishi kikubwa, na sitaki kumfanya malaika. Lakini tulitazame jambo hilo kutoka upande wa shimo la maji. Msafara ulikuwa watu mia tatu, mia tano, pengine elfu moja, na punda wao. Ulifika wakati wa kiangazi, ambapo kisima kina maji ya kijiji tu. Ulikunywa kwa siku mbili maji yaliyokusudiwa kunywewa na wenyeji kwa muda mrefu. Baada ya hapo ulikwenda zake, na wenyeji walibaki na tope. Je, ni nani aliyemnyang'anya mwenzake? Hongo, kwa asili yake, ilikuwa tamko la mambo mawili: kwamba maji haya yana wenyewe, na kwamba kupita ni kuchukua. Anayetoa hongo alikuwa anakiri yote mawili, hata kama alinung'unika. Unyang'anyi ulioingia baadaye ni ugonjwa wa hongo, wala sio hongo yenyewe, kama vile riba ilivyo ugonjwa wa mkopo.

Wajerumani waliiondoa hongo. Reli yao ilifika Dodoma mwaka 1910, na tangu hapo mtu aliweza kuipita Ugogo bila ya kumwomba mtu ruhusa. Wengi waliyaita hayo maendeleo, na kwa upande mmoja yalikuwa maendeleo. Lakini angalia kilichofuata miaka sita baadaye. Mwezi wa Mei 1916 majeshi ya van Deventer na ya von Lettow-Vorbeck yalipambana Kondoa Irangi. Majeshi hayo yalikuwa wasafiri pia, ila wasafiri wenye bunduki, nao hawakutoa hongo. Pande zote mbili zilichukua ng'ombe, zilichukua nafaka, zilichukua wanaume kuwa wapagazi. Mvua ziliposhindwa, ghala zilikuwa tupu na mikono ya kulima haikuwapo. Njaa iliyofuata, kutoka 1917 mpaka 1920, Wagogo waliiita Mtunya, na iliua maelfu kwa maelfu. Hapo utaona ni nini kupita bila ya kukiri kuwa unachukua. Mtemi mwenye tamaa alimla msafiri doti chache za nguo. Msafiri asiye na deni aliila nchi.

Haya si mambo ya vita peke yake. Mwaka 1947 walikuja Kongwa wageni waliokuwa na nia njema, matrekta mengi na ramani. Walitaka karanga kwa ajili ya mafuta ya Uingereza. Waliipita nchi kwa macho yao, wakaiona tupu, wakadhani kuwa nchi ambayo haikulimwa ni nchi ambayo haikufikiriwa. Wenyeji wangeweza kuwaambia kuwa udongo ule hukauka ukawa kama sakafu, na mvua yake haina ahadi. Mpango ulivunjwa mwaka 1951, baada ya kupoteza pauni milioni 36 hivi. Ubaya wa wageni wale haukuwa ukatili. Walikuwa watu walioshuka garini wakaitazama nchi, wasiisalimu.

Sasa nitasikia sauti ya mtu akisema: “Basi kosa lako ni starehe. Kama ungalisafiri kwa miguu, ukalala chini, ukala ugali na mlenda, ungaliwajua watu na usingalipiga picha ile.” Hoja hii ina heshima yake, na vijana wengi wema huipenda. Lakini naiona kuwa si kweli. Burton na Stanley walikwenda kwa miguu. Waliungua kwa homa, walilala na njaa, walikunywa maji machungu. Taabu yao haikuwafungulia macho. Mara nyingi iliwafunga zaidi, kwa kuwa mtu aliye katika maumivu humwona kila aliye mbele yake kuwa sababu ya maumivu yake. Taabu si mwalimu wa kila mwanafunzi. Isitoshe, taabu ya kuchagua si sawa na taabu ya kuzaliwa nayo. Nikilala chini usiku mmoja, asubuhi nina hadithi ya kusimulia. Jirani yangu aliyelala chini miaka sitini hana cha kusimulia ila mgongo.

Mfano wa pili unatoka mbali. Wajapani wana njia ya kale iitwayo Tōkaidō, kutoka Edo hadi Kyoto, iliyokuwa na vituo 53 vya kupumzikia wasafiri. Katika vituo hivyo zilikuwapo nyumba za wageni, na kuwapokea wageni kulikuwa kazi yenye heshima na utaratibu. Kwa watu wale raha ya usiku na mandhari ya mchana zilikwenda pamoja tangu zamani. Mwaka 1689 mshairi wao Matsuo Bashō aliingia njia nyingine ngumu zaidi, ya kaskazini, akasafiri miezi mitano hivi. Jambo la kutazamwa kwake ni hili: alikuwa akitafuta mahali palipokwisha kutajwa katika mashairi ya waliomtangulia. Alipofika katika kilima au kivuko, alifika kama mtu anayemtembelea jamaa ambaye sifa zake amezisikia tangu utoto. Alikuwa na jina la mahali kabla ya kuwa na picha ya mahali. Siamini kuwa kuoga maji ya moto kungalimwondolea adabu hiyo, wala siamini kuwa kulala chini kungalinipa mimi. Kilichonikosa si taabu. Nilifika mahali ambapo sikuwa nimepataka kupajua, nikachukua nilichokipenda.

Hoja ya pili ni nzito kuliko ya kwanza. Mtu atasema: “Msafiri analipa. Hoteli ina wapishi, wafagiaji na walinzi wanaoishi kwa ajili yake. Mwenye zabibu anauza zabibu. Barabara inampeleka mgonjwa hospitali na alizeti sokoni. Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Yote haya ni kweli, na mtu anayeyadharau hajapata kukosa kazi. Nami sikuipiga vita bei. Bei ni chombo kizuri, kwa kuwa huwawezesha watu wasiojuana kupeana vitu na kuachana kwa amani. Lakini ule uwezo wa kuachana ndio mpaka wake. Bei humaliza. Nikimlipa mwenye hoteli, ninayo haki ya kumsahau, naye ana haki ya kunisahau. Mama wa mtoni hakuniuzia kitu. Nilichukua sura yake, taabu yake na uzuri wa asubuhi yake. Halafu nikajaribu kukifanya kitendo kile kuwa biashara baada ya kutendeka. Yeye alikuwa na busara kuliko mimi: alizipokea fedha kama fedha, kwa kuwa fedha zina kazi, akakataa kuzifanya kuwa kile ambacho hazikuwa. Kuna madeni yenye bei, na kuna madeni ambayo huweza kulipwa kwa mwenyewe tu, uso kwa uso, kwa wakati wake.

Tulifika Kolo mchana. Mahali hapa ndipo wageni wengi husimama, kwa ajili ya michoro ya mapango. Imesambaa katika miamba ya ukingo wa Bonde la Ufa, zaidi ya mapango 150: wanyama, watu warefu wembamba, alama ambazo maana yake imepotea. Mary Leakey aliinakili mwaka 1951, na mwaka 2006 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Msafiri hupanda kilima kwa jasho, hutazama, hustaajabu, hushuka. Lakini mapango yale si jumba la makumbusho peke yake. Wenyeji wa pande zile wangali wakiyaendea baadhi yake kwa matambiko, kuomba mvua na kuuguza wagonjwa. Aliyetuongoza alisimama kidogo kabla ya kuingia katika pango moja, na sisi tukasimama nyuma yake. Hakutueleza sababu, wala hapakuwa na haja. Nilimwona mtu akiusalimu mwamba, saa chache baada ya mimi kushindwa kumsalimu mtu.

Kutoka kilimani tuliiona nchi ya Irangi, makorongo mekundu yaliyokatika katika ardhi kama vidonda, na baina yake miti ya kijani. Mgeni mwenzetu mmoja alisema kuwa hajapata kuona rangi nzuri kama zile. Alisema kweli: wekundu ule wakati wa jioni ni uzuri usiokanushika. Lakini wekundu ule ni udongo uliopotea, shamba la mtu lililokwenda na maji. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika sehemu zile zilizoharibika. Miti ikarudi. Kijani tulichokiona, basi, kililipiwa na wafugaji walioamriwa kuhamisha ng'ombe wao, na ng'ombe kwa watu wa nchi ile ni mahari, ni akiba, ni heshima. Sisemi kuwa amri ile ilikuwa mbaya. Pengine bila ya amri ile pasingalikuwa na nchi ya kutazama. Nasema tu kuwa mandhari ina hesabu yake, na kuna mtu aliyekwisha kuilipa kabla ya sisi kufika. Mtazamaji ambaye hajui hilo ameona rangi tu.

Kama ndivyo, hongo ya siku hizi ni nini? Hatuwezi kurudi kwenye doti za kaniki, wala hapana mtemi wa kuzipokea. Naona kuwa ina sehemu tatu.

Ya kwanza ni salamu. Ni kitu chepesi mpaka watu hukidharau. Lakini salamu hutangulia kuchukua, na kazi yake ni kumweka mwenyeji mahali pake pa mwenyeji kabla mgeni hajafanya lolote. Anayesalimu anasema, bila ya kusema, kuwa hapa pana wenyewe. Ndiyo maana salamu iliyokuja baada ya picha haikufaa kitu. Haikuwa imechelewa kwa dakika tatu tu. Ilikuwa imekuja baada ya jambo ambalo ilipasa kulitangulia.

Ya pili ni kweli. Msafiri hurudi kwao akasimulia, na masimulizi yake huwa nchi ile kwa wale wasiokwenda. Stanley alisimulia, na kwa miaka mingi watu wa Ulaya waliijua Ugogo kama nchi ya vumbi na walafi. Mwenye kupita na kusimulia ameshika amana. Akisimulia makorongo bila ya ng'ombe, au mbuyu bila ya shimo la maji, au shimo la maji bila ya ulimi wenye akili wa mwanamke aliyekuwa ndani yake, amehini.

Ya tatu ni kiasi. Nchi ya kiu haimwombi mgeni aone kiu. Inamwomba akumbuke kuwa maji yametoka mahali. Hoteli inaweza kuwa na maji mengi na mgeni akatumia machache. Hilo halimharibii raha yake ila kwa mtu ambaye raha yake ni ya kutapanya.

Hapa napenda kuonya dhidi ya ziada. Ipo namna ya kujiona mdaiwa ambayo ni majivuno yaliyogeuzwa nje ndani. Msafiri wa namna hiyo huihuzunikia kila nyumba ya tembe, hutoa machozi kwa kila mtoto asiye na viatu, na huwafanya wenyeji kuwa vitabu vyake vya huruma. Mama yule hakuhitaji machozi yangu. Alikuwa na kazi, akili na lugha mbili, na katika majadiliano yetu mafupi yeye ndiye aliyekuwa tajiri. Mdaiwa wa kweli hulia kidogo na hulipa. Wala mpita njia hawezi kubeba mizigo yote ya nchi anayoipita. Anadaiwa alichochukua, hakudaiwa historia nzima. Lakini asitumie ukubwa wa historia kuukimbia udogo wa salamu.

Siku ya tatu tulirudi kwa njia ile ile. Nilimwomba rafiki yangu asimame penye mto wa mchanga. Shimo lilikuwapo, na maji kidogo chini yake, lakini mama hakuwapo. Walikuwapo wasichana wawili na mzee mmoja mwenye fimbo. Nilitoa mbukwenyi yangu kwa ulimi mzito, wakacheka, wakaiitikia, na mzee akaniuliza habari za nyumbani, za kazi, na za mvua huko nilikotoka. Hayo yalichukua muda mrefu kuliko picha tatu. Yalikuwa mazungumzo mema, lakini hayakuwa malipo ya deni langu, kwa kuwa deni la salamu halina wakala. Sikumpa mzee ujumbe wa kumpelekea mama, maana sikujua jina lake, sikumuuliza.

Usiku nililala tena katika hoteli ile ya Dodoma. Kitanda kilikuwa laini kama kwanza, nami sikukionea haya. Nilifungua maji, nikajaza ndoo moja, nikafunga, nikaoga kwa hiyo. Sikujidanganya kuwa maji niliyoyaacha katika bomba yangerudi Makutupora, sembuse kufika katika shimo la mchanga mbele ya Mayamaya. Sikuyabana kwa ajili yao. Niliyabana kwa ajili yangu, kama vile mdaiwa afungavyo fundo katika kitambaa chake ili asisahau. Picha zile tatu ninazo mpaka leo. Ni nzuri, na sijamwonyesha mtu.